UZI: Kutoka Deep Sea Tanga hadi Vancouver, safari ya mlevi aliyeacha

Fundi wa Boti (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Jina langu tuliache. Mimi ni mlevi. Nasema "ni" wala si "nilikuwa", ingawa tone la mwisho lilipita kooni mwangu Aprili 2016. Natengeneza mashine za boti pale Deep Sea, nina mke na watoto watatu, nyumbani Ngamiani. Julai 2025 nilipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani nikaenda Vancouver, Kanada, kwenye mkutano wa kimataifa wa AA, yaani Alcoholics Anonymous. Tangu nirudi watu wananifuata faragha: nani alikulipia, visa uliipataje, mbona hukuleta picha za watu. Nimeona nijibu mbele ya wote, maana najua humu yupo anayesoma kwa kujificha kama nilivyokuwa nasoma mimi.

Kwa wasiojua: AA ilianza 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani. Walevi wawili, Bill W. aliyekuwa mtu wa soko la hisa na Dkt. Bob aliyekuwa daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, siku inapita bila kunywa. Mwaka 1950 wanachama wakakusanyika Cleveland, na tangu hapo mkutano mkubwa huitishwa kila baada ya miaka 5. Pale Cleveland Dkt. Bob alikuwa mgonjwa sana. Alizungumza kwa dakika chache tu, akawasihi wenzake wasiligeuze jambo hili kuwa gumu. Novemba mwaka uleule akafariki. Haya nilisimuliwa na sponsa wangu, yaani mlevi mwenzangu aliyetangulia kuacha na anayenishika mkono, mtu wa Mombasa, tumekaa karibu na kivuko cha Likoni mwaka 2017 tunakula mihogo ya kukaanga. Nikamwambia, bwana, iko siku nami nitakwenda. Akanijibu, "Kwanza rudi nyumbani leo bila kunywa."

Nikaanza kudunduliza. Lengo lilikuwa Detroit, Julai 2020. Seremala mmoja alinitengenezea kibubu cha mbao nzito, hakina mlango, kina tundu la kupitisha noti iliyokunjwa na basi. Kila mashine niliyoiwasha, elfu 5 au elfu 10 inaingia mle. Ikaja korona, mkutano ukafutwa.

Hapa naomba mnisome taratibu. Kibubu kimejaa, safari hakuna, kazi zimelala, boti zimefungwa ufukweni. Hela iliyokosa shughuli mbele ya mlevi ni kama petroli karibu na jiko. Usiku mmoja, saa nane, nilijikuta nimekaa sakafuni na nyundo mkononi. Sikuwa nimeamua kunywa. Nilikuwa nimeamua "kuhesabu tu". Mke wangu akatoka chumbani. Hakuninyang'anya nyundo, wala hakupiga kelele. Alikaa chini upande wa pili wa kibubu, akaweka kiganja chake juu ya lile tundu, akanyamaza. Nikampigia sponsa. Alipokea, akasikia ninavyohema, akasema, "Usiongee, kaa tu kwenye simu." Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha tukakivunja pamoja, tukahesabu mkekani: 3,140,000. Zote zikaenda kwenye akaunti ya mke wangu, kwa jina lake. Namba ya siri siijui mpaka leo wala sijamwuliza.

Nitaendelea jioni, kuna mtu ananisubiri na mashine.

Mzee wa Raskazone

Kijana, nimekusoma kwa makini. Ila pombe ni haramu na dawa ya haramu ni toba. Msikiti uko mtaani kwako. Kuna haja gani mtu ateketeze mamilioni kwenda kwa Wazungu kufundishwa kuacha pombe?

Fundi wa Boti

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa adabu.

Nilitubu. Kila Shaabani ikiishia navunja jungu siku tatu mfululizo, halafu nafunga Ramadhani yote, sigusi hata harufu. Tarawehe niko safu ya pili, wazee wananiombea dua. Idi mosi, adhuhuri haijaadhiniwa, mnazi umeshanilaza nyuma ya mabanda na kanzu mpya ina tope. Mambo yalikwenda hivyo miaka 11. Wallahi mzee, toba ile ilikuwa ya kweli kila mara, nililia machozi ya kweli. Nilichokosa ni mtu wa kumwambia "leo nina hamu" naye asishtuke. Mlevi Mwislamu hujificha mara mbili, hujificha anapokunywa na hujificha anapotaka kuacha. Nani nitamwambia pale safu ya pili?

AA ilinirudisha kwenye sala. Hatua zao 12 zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa, na sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Mitingi nyingi za Amerika Kaskazini hufungwa kwa Sala ya Bwana ya Wakristo, watu wameshikana mikono. Nami nilishika mikono, nikasoma Fatiha kimoyomoyo.

Sikwenda kufundishwa kuacha, mzee. Nilikwenda nikiwa nimeshaacha. Nilitaka kuona tuko wangapi.

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Endelea, nasoma.

Dereva Segera

Mkuu nenda kwenye visa bwana, ndiyo iliyotuleta.

Fundi wa Boti

Haya, visa.

Pasipoti 150,000, hiyo ni ya wote. Ada ya visa ya Kanada dola 100 za kwao, na 85 za alama za vidole, unazitoa Dar. Fomu ni ya mtandaoni. Kuna dalali wa safari, simtaji, alinishauri niandike "utalii" na akaahidi kunitafutia taarifa ya benki iliyonona. Nilimpa 400,000. Nikarudi nyumbani sikulala. Mtu unayeishi kwa kusema ukweli kwenye chumba cha mitingi kila Jumatano, unaanzaje safari ya kwenda kuwaona wenzako kwa karatasi ya uongo? Asubuhi nilimwambia asimamishe. Hela hakunirudishia.

Tukajaza na binti yangu. Kwenye sababu ya safari tuliandika ilivyo. Tukaambatanisha uthibitisho wa usajili wa mkutano, leseni ya biashara, karatasi za kiwanja, taarifa ya benki ya mke wangu yenye mwendo wa miaka 5 na barua yake kwamba hela ile ni ya safari yangu. Wiki ya sita nikaitwa.

Na hakuna aliyenilipia. AA haina kiingilio wala ada, na desturi yake ya 7 inataka kila kikundi kijitegemee na kikatae msaada wa nje. Kwa hiyo ukiambiwa "kuna ufadhili wa AA wa kukupeleka ng'ambo, lipia fomu kwanza", ondoka hapo haraka.

Dereva Segera

Swali la kweli kutoka moyoni. Nilishahukumiwa kwa kuendesha gari nimelewa. Nililipa faini. Sasa nina mwaka na nusu sijagusa. Mlango umefungwa?

Fundi wa Boti

Kaka, pole na hongera, vyote pamoja.

Kanada wanalichukulia kosa hilo kwa uzito, na tangu Desemba 2018 sheria yao imelipandisha kuwa kosa kubwa la jinai. Hata Wamarekani wenye hukumu ya namna hiyo hukwama mpakani, japo wao hawahitaji visa. Haina maana hutaingia kamwe, zipo njia za kuomba, ila zinataka muda, karatasi za mahakama na subira. Usilifiche tu. Ukigundulika umeficha jambo kwenye fomu unafungiwa miaka 5. Na wewe unajua tunavyoishi, siri moja ndogo ndiyo inayotufungulia chupa.

Mkutano ujao wa 2030 utakuwa St. Louis, Marekani, nchi nyingine na taratibu nyingine. Miaka unayo.

Binti Makorora

Kaka naomba unisaidie. Mlevi ni mume wangu, mimi sinywi. Nikisoma pale mke wako alipoweka kiganja juu ya kibubu nimelia jikoni. Mimi ningempokonya ile nyundo na majirani wote wangeamka. Kuna nafasi ya watu kama sisi?

Fundi wa Boti

Dada, ipo. Inaitwa Al-Anon, ilianzishwa 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa yule Bill. Ni kwa ajili ya jamaa za walevi, mlevi awe ameacha au bado. Kwenye mikutano hii mikubwa nao huwa na vikao vyao palepale. Mke wangu alianza kwa simu na mama mmoja wa Nairobi. Usiku ule wa nyundo alikuwa na miezi 8 ya kuzungumza na yule mama. Kabla ya hapo, dada, mke wangu alishanivunjia chupa kichwani, na sikumlaumu. Nitampa simu akuandikie mwenyewe.

Sasa ndege.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa toroli. Tumetoka Dar usiku, taa zimepunguzwa, nikasikia vichupa vinagongana. Ule mlio! Miaka 9 na mwili ulikuwa haujausahau. Mate yalijaa mdomoni kabla sijafikiri lolote. Toroli iko safu ya 24, mimi niko ya 31, linakuja. Na ni bure, na hakuna anayenijua, na mke wangu yuko Ngamiani amelala. Jirani yangu, Mtanzania mstaarabu kabisa, akachukua mvinyo, akaniambia, "Chukua na wewe kaka, utalala vizuri." Nikasema, "Mimi ni mgonjwa wa hiyo kitu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, safu ya mbele wakageuka. Yule bwana aliangalia glasi yake, akamwambia mhudumu airudishe, alete chai mbili. Sikumwomba. Hatukuongea tena mpaka Amsterdam, lakini Mungu amzidishie.

Mfukoni nilikuwa na kisarafu changu, kile cha kuadhimisha miaka 9 bila kunywa, alichonipa sponsa. Niliposhuka, kingo zake zilikuwa zimechapa alama kwenye kiganja.

Amsterdam nilikuwa na saa nyingi za kungoja na baa ziko kila kona. Nikamwona mzee amechora mkononi duara lenye pembetatu ndani, alama yetu ya zamani. Walevi wa huko wana neno la kutambuana bila kumwaga siri mbele za watu, huuliza kama wewe ni rafiki wa Bill. Kiingereza changu ni cha kuuzia vipuri, lakini hilo nilikuwa nimelikariri. Nikamsogelea nikauliza. Aliinuka akanikumbatia kama tumetoka tumbo moja. Tulikaa saa tatu. Sijui jina lake la pili.

Mkwakwani

Nashukuru umesema la ndege. Mimi nilianguka safarini. Nilikwenda Nairobi kwenye mkutano wa wenzetu, siku tatu za baraka tupu, kurudi basi likaharibika tukalala njiani. Mtu akanipa kopo la bia, nikalipokea kama maji. Nilirilapsi, yaani nilirudi kunywa, miezi 14. Ningekuwa na namba ya mtu mmoja tu wa kumpigia pale barabarani. Leo nina siku 212.

Fundi wa Boti

Siku 212 ni nyingi, ndugu yangu. Umewasaidia watu humu kuliko unavyojua.

Nilichofanya mimi ni hiki: kabla sijaondoka nilikaa na watu watano, tukagawana saa. Huyu nampigia nikifika Dar, huyu nikitua Amsterdam, huyu usiku wa kwanza. Vancouver iko nyuma yetu kwa saa 10, kwa hiyo usiku wangu ulikuwa mchana wao, hakuna niliyemwamsha.

Uhamiaji pale uwanjani nilikuwa nimefanya mazoezi ya majibu. Afisa akauliza nimefuata nini, nikasema mkutano wa AA. Akauliza, miaka mingapi? Tisa. Akagonga muhuri.

Vikao vya uwanjani vilikuwa BC Place, uwanja wa mpira wenye paa. Ijumaa usiku tarehe 4 bendera za mataifa zikaingia moja baada ya nyingine, maelfu ya watu wamesimama. Jamani, mimi kikundi chetu tukijaa tuko 9. Kuna wiki nilifungua chumba, nikapanga viti, nikakaa peke yangu saa nzima, nikafunga. Pale ndani kila kiti kina mlevi ambaye leo hakunywa. Nilitafuta pa kuinamisha uso. Kisha nikatoka kutafuta kona ya kuswali magharibi, maana jua la huko Julai linazama saa tatu na dakika 20 usiku, na isha ukiisubiri inakukuta saa tano imepita. Mama mmoja mlinzi wa mlango alinionyesha ukumbi mtulivu, akasimama mbele watu wasinikanyage.

Jumamosi usiku ni zamu ya wazee, wenye miaka 50 na zaidi bila pombe. Majina yanawekwa kwenye kofia, linalotoka ndilo linalopanda jukwaani. Ni kizuri mno kile kikao. Lakini kilichonipeleka Kanada, kama ningeambiwa nichague kimoja, kilitokea asubuhi yake kwenye foleni ya kahawa.

Mbele yangu alikuwepo mzee mvuvi, mtu wa samaki wa maji baridi huko kaskazini, miaka 41 hajanywa. Aliiona mikono yangu kwanza. Oili ya mashine haitoki kwenye kucha hata uende Kanada. Akanionyesha yake. Tukaanza kuzungumza mashine kwa vidole, pulagi hivi, kabureta vile, anacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza saa ngumu kwangu ni ipi. Sikupata neno. Nikavua saa nikaweka kidole pale mshale mfupi unapokuwa boti zikirudi, watu wamelipwa, jua limelegea. Akashika mkono wangu, akaweka kidole chake juu ya changu. Ndiyo ile ile yake. Yeye anaiita tano, mimi naiita kumi na moja, na mshale ni mmoja.

Kaulimbiu ya mkutano ilikuwa Lugha ya Moyo. Nilikuwa nimeiona kwenye kila bango tangu nishuke, nikaielewa pale kwenye kahawa.

Kuhusu picha: uso wa mtu hauonyeshwi, majina hayatajwi, ndiyo desturi yetu. Nimerudi na picha za milima na za bahari. Wajukuu wa jirani wanadhani nilikwenda kutalii, na iwe hivyo.

Kaole Mkimya

Kaka mimi niko Bagamoyo. Kwangu ni unga, si pombe. Nimekaa soba hausi, nyumba ya kuachia unga, miezi 7, sasa niko nje, nakunywa dawa kliniki kila siku, methadone, ya kutuliza hamu ya unga. Kila nikisoma uzi kama huu najiuliza kama maneno haya ni yangu pia. Wengine wananiambia mtu wa dawa si klini, yaani hajaacha kweli. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, nilizopita mimi nazijua mwenyewe.

Fundi wa Boti

Mdogo wangu, karibu sana. Kwa unga kuna Narcotics Anonymous, ilianza 1953 California, wanatumia hatua hizohizo 12, nao wana mkutano wao wa dunia. Ule wa 2024 ulikuwa Washington. Wao hupeana vibanio vya funguo vya rangi: cheupe cha kukaribishwa, cha chungwa siku 30, cheusi wenye miaka mingi.

Kuhusu dawa, mimi ni fundi wa mashine, si daktari. Dawa uliyopewa na daktari usiiache kwa sababu ya mtu wa kwenye kiti. Nchi yetu ilianza kutoa methadone Muhimbili mwaka 2011 na nimeona vijana waliorudi kwa mama zao kwa kikombe kile. Vikundi vinatofautiana kuhusu neno klini. Neno kuketi halina utata, kiti kipo.

Vancouver si lazima. Kuna mpaka wa Horohoro hapa, ukivuka Lunga Lunga ukashuka Likoni, kivuko cha miguu ni bure, na Mombasa kuna watu wanaokaa mitingi. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, siku moja unakwenda unarudi. Mimi kabla ya Kanada nilivuka Horohoro mara zaidi ya 40.

Kuna jambo sijalisema. Kibubu kipya kipo, seremala yuleyule. Watu wanadhani nadunduliza ya St. Louis. Hapana, mimi nimeshaona. Tumekubaliana kikundini kiwe cha nauli ya Mombasa, wawili wawili, kila baada ya miezi mitatu. Hakuna anayevuka peke yake. Ufunguo, maana hiki kina mlango, uko kwa mama mmoja wa kikundi mwenye miaka 3. Mwezi ujao nafasi moja haina mtu.

Mkwakwani

Mwenye nafasi ya kwanza ni mimi. Njoo tukae kiti kimoja, dogo.

Kaole Mkimya

Kliniki nawaambiaje? Dawa ni ya kila siku.

Fundi wa Boti

Waambie ukweli, safari lini, siku ngapi, mji gani. Wakupange wao. Wakikataa tutabadilisha tarehe, kibubu hakikimbii. Kwanza njoo hapa Tanga Jumatano, tukuone.

Mzee wa Raskazone

Hiyo Jumatano mnakutana saa ngapi?

Fundi wa Boti

Saa kumi na moja jioni, mzee wangu. Tuliichagua makusudi.

Kaole Mkimya

Nikishakunywa dawa asubuhi natoka. Nitapita Msata nidandie basi la Tanga pale. Nashukia wapi?

Mkwakwani

Kange. Nitakuwa nimevaa fulana ya bluu, karibu na wauza machungwa. Namba yangu nimekutumia faragha, piga ukifika Segera. Ukikwama njiani piga hapohapo.